Tundu la Ukuta wa Nyuma

Ifakara, 4 Oktoba 2025

Mdogo wangu Aurelia,

Mimi ni mzima, kwa kiasi cha mtu anayelima mpunga wa bondeni. Nimekuja mjini kukoboa, na nimekaa kwenye steshenari ya Jane karibu na stendi. Yeye ndiye atakayepiga picha karatasi hii na kukutumia. Utakachojibu atakichapa, nami nitampelekea Mama kijijini Mofu na kumsomea, kwa sababu simu ameshaikataa. Anasema simu ikisema inanyamaza, lakini karatasi anaweza kuiweka kwenye kopo na kuiambia iseme tena.

Nakuandikia kwa sababu ya mgomba. Unakumbuka baba alipochukuliwa na maji Aprili ya mwaka jana tulimtafuta siku kumi na nne, hatukupata hata kofia. Baba mdogo Eustaki akasema mtu hawezi kukaa bila kaburi. Tukavika shina la mgomba shati lake, tukalizika, kama walivyofanya wazee wa zamani. Wewe ulikuwepo. Shina lile lilipaswa kukatwa mizizi, lakini mvua ilikuwa inanyesha, binamu yetu Anselim aliling'oa kwa haraka, na kila mmoja akadhani mwenzake amekata. Sasa limechipua juu ya kaburi. Limenizidi urefu, na wiki iliyopita limetoa mkungu.

Mama anasema mgomba haumei juu ya mfu. Anasema baba yuko hai mahali fulani na atarudi. Na kwa kuwa kwetu aliyekwisha kuliliwa hapiti tena mlangoni, ameshika jembe mwenyewe akatoboa ukuta wa nyuma, upande wa chumba chake, tundu la kupita mtu mzima akiinama. Analala mbele yake. Kila jioni anaweka hapo sahani ya wali na samaki, na maji ya kunawa.

Nyumba ile ni ya udongo, na mafuriko yaliulegeza upande uleule. Masika yakiukuta wazi, ukuta utamwangukia akiwa amelala. Nimemjengea chumba Idete, mahali pa juu, hataki kuhama. Anauliza baba akija atamkuta nani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini mimi sioni kama sisi tutapata hata nafasi ya kujenga.

Mwandikie. Wewe unayehesabu nyota anakuamini kuliko padri. Mwambie baba amekufa.

Kaka yako,
Beatus


Cape Town, 11 Oktoba 2025

Mama yangu, shikamoo.

Nasikia umejitobolea mlango mpya. Kabla sijasema lolote kuhusu huo, nikujibu swali uliloniuliza siku naondoka, kwamba kazi gani hii ya kumweka mtu mbali na kwao. Sikukujibu vizuri, nilikuwa na haraka ya basi.

Nachora ramani ya galaksi yetu. Hiyo ni mji mkubwa wa nyota, na jua letu ni kaya moja tu ndani yake. Ule mkanda mweupe unaokatiza angani wakati wa kiangazi ndio mji wenyewe, tunautazama kutokea ndani. Na shida yote iko hapo. Kuchora nyumba ukiwa nje ni rahisi, lakini sisi tumekaa pembe moja ya jiko lililojaa moshi na tunatakiwa kusema jiko lina umbo gani. Moshi wa huko ni vumbi. Ukitazama kuelekea katikati unaona mabaka meusi, na watu wa zamani walidhani hapo hapana kitu.

Lakini upo mwanga mwingine, jamaa ya joto, unaoitwa infraredi. Jicho haliuoni, darubini inauona, nao unapenya vumbi. Tukitazama kwa huo, mabaka meusi yanajaa nyota. Mimi nahesabu nyota hizo, hapa nyingi, pale chache, na kutokana na hesabu tunajua kwamba katikati ya galaksi zimerundikana kwa umbo refu, kama mchi uliolazwa, ncha moja imetuelekea. Hapakuwa patupu hata siku moja, Mama. Zilikuwepo wakati wote. Tulikosa tu jicho la kuzionea.

Nakuomba uhamie Idete kabla ya masika. Baba angetaka hivyo.

Binti yako,
Aurelia


Ifakara, 25 Oktoba 2025

Aurelia,

Ahsante kwa msaada wako. Nilikutuma maji umeniletea mafuta ya taa.

Mama alinifanya nisome ile sehemu ya vumbi mara tatu. Mara ya tatu nilipofika "zilikuwepo wakati wote" akanishika mkono nisiendelee, akacheka. Sijamsikia akicheka tangu mafuriko. Kesho yake nimemkuta na jembe, amepanua tundu. Anasema alikuwa amesahau kwamba baba ana mabega mapana. Na Jumapili, tukitoka misa, amewaambia watu kwamba binti yake ameona kwa mitambo ya wazungu kuwa pasipoonekana kitu pana kitu. Baba mdogo Eustaki amekasirika, kwa sababu yeye ndiye aliyesimamia mazishi.

Sikulaumu kwa elimu yako. Nakulaumu kwa kuzunguka. Andika tena, mistari miwili inatosha, na nyota zako ziache nje. Baba amekufa. Hama.

Beatus


Cape Town, 2 Novemba 2025

Kaka Beatus, shikamoo.

Leo ni siku ya marehemu wote. Nimekwenda misa, na padri alipotuambia tutaje kimoyomoyo majina ya wafu wetu sikuweza kulitaja la baba. Kwa hiyo unaponiambia nimwandikie Mama "amekufa", unaniagiza kitu ambacho sinacho. Niliona shati lake likifukiwa na shina la mgomba. Zaidi ya hapo sikuona.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mchana, nikiwa kwenye kompyuta nahesabu, nasikia nyuma yangu kile kikohozi chake, mara mbili halafu kimya. Nikigeuka ni mashine ya hewa ya ofisini. Najua ni mashine, hata fundi alishakuja kuitengeneza, lakini kikohozi hakijaisha, na kila mara nageuka.

Wewe unasema amekufa kama mtu anayesema leo ni Jumapili. Umepata wapi uhakika huo? Nakuuliza kwa wema. Nami nautaka.

Aurelia


Mofu, 20 Novemba 2025

Aurelia mwanangu,

Ninayesema ni mimi mama yako, na anayeandika ni Rosemery, mke wa Makoye, jirani yetu mwenye ng'ombe. Makoye anakwenda mnadani Ifakara na ataifikisha kwa Jane. Beatus sikutaka aandike hii kwa kuwa inamhusu.

Tangu mwaka jana wakati maji yanapungua, Beatus hajaingia ndani ya nyumba yangu. Mwanzoni sikuona. Barua zako anasoma amesimama nje ya kizingiti. Chakula anakula uani. Mvua ikinyesha namwambia ingia, anasema miguu yake ina matope, nami namjibu kwamba nyumba yenyewe ni matope, na bado haingii. Pembe ya shamba iliyo karibu na matete, pale kwenye mkuyu, hapandi tena. Anasema udongo umechoka. Udongo wa Mofu nimezaliwa nao, sijawahi kuusikia ukichoka.

Mume wangu alikwenda na maji. Huyu mtoto namwona kila siku na bado kama hayupo. Ukimwuliza, usimwulize kwa ukali.

Tundu langu halivuji sana. Sahani asubuhi naikuta tupu.

Mama yako,
Restituta

Nami Rosemery nakusalimu. Sahani anaimaliza mbwa wetu, nimeshindwa kumwambia.


Cape Town, 29 Novemba 2025

Kaka,

Safari hii sizunguki.

Ule mchi wa katikati ya galaksi niliomwelezea Mama, hakuna mtu aliyewahi kuuona kwa jicho. Ulijulikana kwa sababu hesabu za nyota zilikataa. Kama galaksi ingekuwa duara tupu, kushoto na kulia kwake kungelingana, na hakukulingana. Kazi yangu ni hiyo, kuona wapi hesabu inakataa na kujua kwamba hapo kuna kitu kimelala.

Wewe huingii nyumba ya Mama tangu maji yalipopungua. Hupandi pembe ya mkuyu. Una uhakika wa kifo ambacho sisi wengine tunakikisia tu. Na Julai ya mwaka jana uliacha kunipigia simu kwa wiki tano, ukaniambia baadaye kwamba ulikuwa na homa.

Nami nimelelewa nyumba hiyohiyo. Najua kwamba aliyezika haingii kwenye nyumba ya marehemu kabla ya kuogeshwa, na kwamba hajiogeshi mwenyewe. Siku ya mgomba tuliogeshwa wote, na wewe ulikuwa mbele yangu kwenye foleni.

Ulimzika nani tena, kaka?

Aurelia


Ifakara, 14 Desemba 2025

Aurelia,

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Jane anapiga picha karatasi zangu bila kuzisoma, au anajifanya, na leo sijali.

Ilikuwa tarehe 9 Julai. Nilikwenda kukata matete ya kutengenezea migono ya kutegea samaki. Alikuwa ndani ya matete, pale yanapoanza, si hatua mia kutoka shambani kwetu. Siku kumi na nne tulimtafuta mtoni mpaka chini kabisa, naye alikuwa amerudi nyumbani peke yake, maji yakamficha. Nilimjua kwa mkanda, ule alionunua kule Mkula akaufunga waya baada ya kifungo kukatika. Kwa kingine nisingemjua, na hapo sitakueleza zaidi.

Nilisimama pale mpaka jua likageuka. Nilikuwa najiuliza nimpeleke wapi. Mgomba ulishazikwa. Misa ya arobaini ilishasomwa, Mama alishanyolewa, baba mdogo Eustaki alishasema kwa kinywa chake kwamba kaka yake Sylvanus amelala. Aliyekwisha kuliliwa hapiti mlangoni. Ningemwambia Mama autoe mgomba kaburini, kisha aweke mwili wenyewe? Na angetaka kumwona. Unamjua, angetaka kufunua.

Nikachimba kwa jembe la kulimia, chini ya mkuyu. Nilisema Baba Yetu, nikapotea katikati, nikaanza tena, nikapotea palepale. Nikanawa mtoni. Nilipofika nyumbani Mama akaniita nile, na miguu ikagoma kizingitini. Kumwomba mtu aniogeshe ni kumwambia nimemzika nani. Nikasema nina matope. Neno hilo nimelisema mwaka na nusu.

Kile kikohozi unachosikia ofisini mimi nakisikia upande wa matete, mara mbili halafu kimya. Sikuwa nimemwambia mtu. Niliposoma barua yako ya siku ya marehemu nilitoka nje ya steshenari nikakaa kwenye ngazi, Jane akaniletea maji akidhani nimezidiwa na jua.

Naogopa, mdogo wangu. Mama akijua kwamba alikuwa anamwekea sahani mtu niliyemfukia kwa mikono yangu, hatanitazama tena. Na asipojua atabaki kwenye tundu lile mpaka masika. Usimwambie. Au mwambie wewe. Chochote utakachoandika nitakisoma kama kilivyo.

Beatus


Cape Town, 3 Januari 2026

Mama yangu, shikamoo, na heri ya mwaka mpya.

Kaka anakusomea hii akiwa amesimama nje. Mwambie aketi chini hapohapo uani, nawe uketi naye.

Nina kosa la kukiri. Mwalimu wangu amenirudishia ramani ya miezi minane. Nyota ninazozihesabu ni za aina moja, kila moja ina mwanga uleule, kama kandili zilizonunuliwa duka moja. Kwa hiyo nikiona moja imefifia nasema iko mbali. Lakini vumbi nalo linafifisha. Hata huo mwanga unaolipenya, linaupunguza kidogo, na mtu anatakiwa aondoe hesabu ya vumbi kwanza. Upande mmoja wa ramani mimi nilisahau. Nikaziweka nyota mbali sana, kumbe ziko karibu, ila kuna kilichokaa katikati yetu.

Barua yangu ya Oktoba ilikuwa na kosa hilohilo. Nilikuambia pasipoonekana kitu pana kitu, na hilo ni kweli. Sikukuambia kwamba kuwepo si kurudi. Nilijua utakavyolisikia neno lile, nikaliandika hivyohivyo, kwa sababu hata mimi nilitaka liwe hivyo. Nisamehe.

Baba yuko karibu, Mama. Yuko karibu kuliko ulivyofikiri, na anayejua mahali ni huyu anayekusomea. Neno lenyewe sitaliandika kwa kuwa si langu. Ninaacha nafasi kwenye karatasi. Kaka, ukifika hapo, weka karatasi chini useme.

 

 

 

Akimaliza, Mama, usimwulize kwanza kwa nini alinyamaza. Mwogeshe.

Binti yako,
Aurelia


Mofu, 18 Januari 2026

Aurelia,

Beatus ndiye anayeandika na mimi ndiye ninayesema. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze.

Alifika kwenye ile nafasi akanyamaza. Nikamwambia soma. Akasema hapa hapana maneno. Nikamwambia kama hapana maneno mbona midomo inakwenda. Akaweka karatasi chini, akasema. Alisema yote, na mkanda, na matete, na jembe. Baba Yetu aliyopotea katikati nayo aliisema.

Nililia. Sikulia vile wakati wa mgomba, wakati ule nililia kwa sababu watu walikuwa wanalia. Nilipomaliza nikamwuliza swali moja tu, kichwa alikielekeza wapi. Akasema hakuangalia. Nikamwuliza ulipokuwa unafukia miguuni, milima ya Mahenge ulikuwa unaitazama au umeipa mgongo. Akafikiri, akasema alikuwa anaitazama. Basi alimlaza kichwa kikielekea Mahenge, kwao, kama inavyotakiwa. Mtoto asiyejua alifanya kama anayejua, na hilo namshukuru.

Eustaki alikuja amebeba udongo wa kuziba tundu. Alikuwa na maneno mengi, kwamba mtu hazikwi mara mbili, kwamba nyumba itapata mkosi. Nikamwambia mkosi tulishaupata, na ulitokana na watu wazima watano kushindwa kukata mizizi ya mgomba mmoja. Padri atakuja mwezi ujao kubariki pale kwenye mkuyu. Mkungu nimewapa watoto wa Makoye, ndizi ni ndizi.

Lakini udongo nilimwambia Eustaki auweke chini kwanza. Nikachemsha majani, nikamwogesha mwanangu uani kama nilivyokuwa namwogesha akiwa mdogo. Ana miaka thelathini na nane, akaona aibu, nikamwambia aibu akaonee kwingine. Alipokauka akaelekea mlangoni, nikamzuia. Nikamwambia, "Usipite huko. Tundu hili nilimtobolea mtu wangu aliyepotea arudi nyumbani. Pita hapa."

Akainama. Mabega yalikwama kidogo, ni mabega ya baba yake, nilipima sawa. Kisha akaingia. Tukaziba tukiwa ndani, mimi na yeye, Eustaki akiziba kwa nje. Tangu siku hiyo sijasikia kukohoa. Sikuwa nimewaambia kwamba nami nilikuwa nasikia.

Jumamosi tunahamia Idete. Ramani yako irekebishe, mwanangu, na usione haya kuanza upya.

Mama yako,
Restituta

Mdogo wangu, hili naongeza mwenyewe ingawa nimekatazwa. Naandika nimekaa kwenye mkeka wake, ndani. Nimetoka shambani sasa hivi, matope yamejaa mkeka mzima, na hajaniambia kitu.

Beatus